Mahari ni Desemba, na juzi nimeambiwa nina saratani. Nimwambie mchumba sasa au nimalize dozi kwanza?

#1 Kijana_Makambako
Wakuu habari za jioni.

Nina miaka 27, nipo Dar, kazi yangu ni ufundi wa friji na viyoyozi. Barua ya posa ilijibiwa Julai, mahari tumekubaliana Desemba, kamati ya harusi imeshakaa vikao viwili.

Mwanzoni mwa mwaka nilitokewa na uvimbe juu ya bega la kushoto, pale shingo inapoanzia. Hauumi, ukiushika unateleza kama kokwa la zambarau. Usiku jasho, naamka nageuza godoro. Kituo nilichoenda kwanza wakasema TB ya matezi, nikaanzishiwa vidonge bila kukatwa chochote. Nimemeza miezi mitano. Uvimbe mmoja ukawa mitatu, suruali zikaanza kunivuka. Hospitali nyingine ndiyo wakakata tezi moja wakapeleka maabara, nikasubiri wiki tatu. Jumatano daktari akanisomea: limfoma ya Hodgkin, saratani ya matezi. Akaongea kama dakika kumi hivi, mimi naangalia kalamu yake tu. Kalamu ya bluu, kifuniko chekundu.

Dozi ya kwanza Jumanne. Tunaojua ni mimi na kaka yangu. Mama yuko kijijini na ana presha. Mchumba ni mwalimu, Morogoro. Kaka anasema nifunge mdomo, dozi ziishe, harusi tuisogeze kwa kisingizio chochote. Roho yangu inakataa. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Halafu, nimeipata wapi? Sivuti, na ukoo mzima sijasikia aliyewahi kuwa nayo.

#2 Mlinzi_wa_Geti
Pole sana mkuu. Ngoja wataalamu waje.

#3 Chumvi_ya_Mawe
Tezi dume na miaka 27? Dunia imekwisha. Mimi nina 51 ndiyo kwanza naanza kukikwepa kile kidole cha daktari.

#4 BintiPongwe
#3 soma kwanza, ndugu yangu. Kasema tezi za shingoni. Ya kwako iko huko chini, na hiyo ya 51 kaipime, acha kukwepa.

Mleta mada, mwambie. Mimi ningeposwa halafu nikaja kugundua baadaye kuwa mtu alikuwa anachomwa dawa huku ananitumia picha za vitenge vya sare, ningemrudishia mahari na chenji juu.

#5 Mzee_Kifaru
Msimdanganye kijana. Hivi vitu havitangazwi. Ukimwambia binti leo, kesho anajua mama yake, keshokutwa ukoo mzima unasema "yule wa Ocean Road". Mnajua mtu akisikika kaenda Ocean Road, hospitali ya saratani, watu wanavyoanza kumwombea kwa wakati uliopita. Apone kwanza.

#6 Fundi_Rejeta
Kuhusu ulikoipata: umesema unafanya kazi na gesi za friji. Mimi nipo gereji, jirani yangu fundi kiyoyozi alikufa kwa kifua. Hizo gesi mnavuta kila siku bila barakoa, unategemea nini?

#7 Tabibu_Mstaafu
Pole kijana. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, ngoja niseme ninachokijua.

Hodgkin inapenda umri wako. Inapanda kati ya miaka 15 na 35 hivi, inashuka, inapanda tena uzeeni. Hujapata ugonjwa wa wazee kabla ya wakati. Ni wa vijana tangu zamani, na ni miongoni mwa saratani zinazotibika vizuri kuliko nyingi.

TB sasa. Homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, matezi shingoni: hizo ni dalili za TB na ni za huu ugonjwa pia, huwezi kuzitofautisha kwa macho. Kwetu TB ni nyingi, kwa hiyo anayekisia TB mara nyingi anapatia, na mimi nimekisia sana. Penye kasoro ni pale mgonjwa anarudi mwezi wa pili uvimbe umeongezeka, bado anaongezewa vidonge. Na wale wanaofyonza kwa sindano tu wajue kuwa seli zenyewe za Hodgkin ni chache mno ndani ya tezi, zimezungukwa na seli nzima kibao. Sindano inachota majirani, mwizi anabaki ndani. Ndiyo maana tezi hukatwa zima.

Ya gesi za friji, #6, sijaona ikitajwa kwenye ugonjwa huu. Barakoa avae hata hivyo.

#8 Mzee_Kifaru
Tabibu usisahau chipsi. Vijana wa mjini wanakula chipsi mayai asubuhi mchana jioni, na zile zinakaangwa kwa mafuta ya transfoma. Zamani tulikula ugali na mlenda, nani alikuwa na saratani?

#9 Tabibu_Mstaafu
Walikuwa nayo, mzee wangu. Walizikwa imeandikwa "homa" au "kalogwa".

#10 Kijana_Makambako
Ahsanteni. Tabibu, kuna kitu sijamwambia hata daktari wangu kwa aibu. Machi kwenye harusi ya rafiki nilikunywa bia mbili, baada ya muda mfupi pale penye uvimbe pakauma kama pamegongwa nyundo. Nikajaribu wiki iliyofuata, vilevile. Nikaacha. Nilidhani bia feki.

#11 Chumvi_ya_Mawe
Bia feki zipo, usizitetee.

#12 Tabibu_Mstaafu
Mwambie daktari wako, hakuna aibu hapo. Ni wachache sana wanaopata maumivu ya tezi wakinywa pombe, ila ikitokea ni dalili inayojulikana ya Hodgkin, imo vitabuni. Na mwili kuwasha bila vipele, ulikuwa nao?

#13 Kijana_Makambako
Miguu. Nilibadilisha sabuni mara nne.

#14 Dada_Nywele_Fupi
Nimesoma nikatulia kidogo kabla ya kuandika. Hodgkin mimi ilinikuta nikiwa na 24, mwaka wa tatu chuo. Sasa nina 31.

Nilitibiwa Ocean Road. Dozi 12, kila baada ya wiki mbili, dawa nne kwa siku moja. Nikueleze usiende kama kipofu. Ile nyekundu haitundikwi. Nesi anavuta stuli anakaa ubavuni kwako, anaisukuma kidogo kidogo kwa bomba kubwa la sindano, macho yake hayatoki kwenye mshipa, maana ikivuja nje inaunguza nyama. Wa kwangu alikuwa akiimba mapambio kwa sauti ndogo, akinyamaza mimi naogopa. Baadaye mkojo unatoka mwekundu, usipige yowe chooni kama mimi. Kuna nyingine chupa yake inafunikwa mfuko mweusi kwa sababu haitaki mwanga, hiyo ndiyo inachoma mkono mpaka begani. Waombe waipunguze kasi na uwekewe kitambaa cha moto. Mishipa yangu ya mkono wa kushoto ilibaki na mistari myeusi kama nimechorwa hina na mtu mlevi.

Mpenzi wangu wa wakati ule nilimwambia siku ileile kwa simu. Akasema "nipo". Akawepo dozi tatu. Simlaumu sana, alikuwa na miaka 23. Niliye naye leo alinikuta kipara ndiyo kinaanza kuota.

#15 Kijana_Makambako
Dada umenisaidia kuliko unavyojua. Vidonge vya TB mkojo ulikuwa rangi ya chungwa kama Fanta, sasa unakuja mwekundu. Bado bluu.

#16 Shangazi_Mkubwa
Wanangu, mnabishana kana kwamba hawa wawili walikutana barabarani. Si kuna posa? Si kuna mshenga? Kazi ya mshenga ni nini, kula biriani? Jambo zito linapita kwa mshenga, anaenda kwa wazee wa binti na maneno ya heshima: kijana wenu amepata mtihani wa afya, ana matibabu ya miezi sita, tunaomba subira. Binti ataambiwa na wakubwa zake, atakuwa na bega la kulilia. Wewe ukimwambia mwenyewe kwa simu unamwachia mzigo peke yake chumbani.

#17 BintiPongwe
Shangazi shikamoo, lakini hapana. Mshenga wetu mimi alijua habari ya mimba ya dada yangu kabla ya dada yangu.

#18 Shangazi_Mkubwa
Marahaba. Hapo mlichagua mshenga vibaya.

#19 Mjukuu_wa_Mganga
Mimi nitasema wasichotaka kusema. Kijana ana kazi, ana mchumba mwalimu, harusi karibu. Nani alichukia? Uvimbe unaohama kutoka mmoja hadi mitatu sio wa hospitali. Hospitali aende, lakini nyumbani pia waangalie.

#20 Mlinzi_wa_Geti
#19 kwa hiyo na wale watoto wa miaka minne wodini nani alichukia mahari yao?

#21 Mama_Stafeli
Chemsha majani ya mstafeli, glasi asubuhi na jioni, siku 40. Dada wa jirani alipona kabisa, daktari mwenyewe akashangaa. Hizi dawa za kizungu zinaua seli zote.

#22 Tabibu_Mstaafu
Mama, nakuheshimu, ila majani ya mstafeli yana kemikali inayodhuru mishipa ya fahamu. Kule Guadeloupe, visiwani Karibi, wanaotumia sana huo mti walikutwa na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na Parkinson. Na dawa anazochomwa zinapita ini. Akichanganya kimya kimya daktari hatajua kipi kimemdhuru.

Si kwamba nadharau mimea. Moja ya zile dawa nne, vinblastini, asili yake ni lile ua la Madagaska lenye petali tano, la waridi au jeupe, mnalipanda uani na makaburini. Lakini inahitajika mamia ya kilo za majani makavu kupata gramu moja. Sufuria lako halifiki huko, na ukilichemsha likafika, litakuua.

#23 Mama_Stafeli
Kumbe mmekubali ni mimea. Ahsante.

#24 Dereva_Loliondo
Uzi huu umenikumbusha 2011. Nilipeleka watu Samunge kunywa kikombe cha dawa cha Babu wa Loliondo, sh. 500, foleni ya magari haina mwisho, tunalala ndani ya gari siku nne. Baba mdogo alikuwa na saratani ya umio, njia ya chakula. Alikunywa, akarudi na furaha, akatupa kadi ya kliniki mwenyewe kwa mkono wake, mimi nikiendesha. Nilimwona kwenye kioo. Sikusimama.

#25 Mwas_wa_Bomet
Poleni kutoka Kenya. #24 umegusa umio. Huku Bomet hospitali ya Tenwek imeona saratani ya umio kwa vijana hata chini ya miaka 30, jambo ambalo Ulaya ni nadra. Wengine wanasema ni chai ya moto sana, wengine mursik (maziwa yetu ya mgando ya kibuyu), wengine moshi wa jikoni, wengine damu ya ukoo. Nyumbani kwetu chai inanyweka ikiwa bado inachemka, na babu ana 90. Kwa hiyo mleta mada, ukitafuta "nimeipata wapi" utazeeka ukitafuta.

#26 Mzee_Kifaru
Na chai pia mnataka kutuondolea sasa.

#27 Msomi_Makerere
Hakuna aliyetaja kirusi? Pale Mulago, Kampala, daktari Denis Burkitt aliandika 1958 kuhusu uvimbe wa mataya kwa watoto. Vipande vikapelekwa London, na 1964 Epstein na wenzake wakaona ndani yake kirusi kipya, ndicho Epstein-Barr. Kirusi hichohicho kinakutwa kwenye baadhi ya Hodgkin pia. Kwa hiyo jibu ni kirusi.

#28 Tabibu_Mstaafu
Kwenye baadhi, umesema mwenyewe. Na watu wazima zaidi ya 9 kati ya 10 duniani wanacho, pamoja na wewe na mimi. Kirusi kinaweza kuwa mlangoni, ila nani aliyefungua? VVU huongeza hatari, ndiyo maana hupimwa. Zaidi ya hapo ni kukisia.

#29 Msomi_Makerere
Basi bado ni jibu zuri kuliko chipsi.

#30 Mweka_Hazina
Tuongee hela. Mkuu, kamati yako imeshakusanya kiasi gani? Nauliza kwa sababu nimekaa kamati 14. Mtu akioa anachangiwa milioni 12 kwa wiki sita. Akiugua tunamtumia alama za mikono iliyofumbatwa kwenye WhatsApp. Kwa nini hiyo kamati isibadilishwe kazi?

#31 Kijana_Makambako
Ahadi milioni 6, taslimu milioni moja na laki nane. Bima ninayo ya kazini, ila vipimo kadhaa nimelipa mfukoni, na siku za dozi silipwi.

#32 Chumvi_ya_Mawe
Mimi nilichanga harusi nipate pilau, sio dripu. Natania mkuu. Lakini kweli hela ya watu ilitolewa kwa jambo moja, ukiipeleka kwingine waambie. Wengi watakubali, wachache watadai.

#33 Mweka_Hazina
Watakaodai ni walioahidi na hawajatoa. Wapo kila kamati.

#34 Golikipa_wa_Mtaa
Mkuu usikate tamaa, kumbuka Haller wa Ivory Coast. Saratani ya damu, akarudi akachukua AFCON.

#35 Mlinzi_wa_Geti
Si ya damu, ya korodani. Julai 2022, ndiyo kwanza kahamia Dortmund, ana miaka 28. Upasuaji mara mbili, akachomwa dawa, Januari 2023 yuko uwanjani. Februari 2024 Abidjan akafunga bao la ushindi fainali dhidi ya Nigeria, 2-1.

#36 Papa_wa_Lubumbashi
Na nusu fainali alitufunga sisi Wakongo, 1-0. Nilimwombea apone, Mungu akasikia kupita kiasi.

#37 Golikipa_wa_Mtaa
Bora nyie mlifika nusu. Sisi tulirudi tumechoka na mkeka.

#38 Nesi_wa_Zamu
Wanaume mmehamia mpirani na hakuna aliyemwambia jambo moja: uzazi. Kaka, kabla ya Jumanne muulize daktari kuhusu kuhifadhi mbegu. Hizi dawa nne kwa kawaida hazimalizi uwezo wa kuzaa, ni tofauti na nyingine kali zaidi, lakini hakuna wa kukuwekea dhamana. Na wakati wa dozi, na kipindi baada yake, usimpe mtu mimba. Wengi wanaona aibu kuuliza, wanakuja kuuliza mwaka wa pili wa ndoa. Hilo pekee linatosha kumfanya mchumba ajue, maana linamhusu na yeye.

Ukianza dozi, homa ikipanda usinunue panadol ukalala. Nenda hospitali usiku huohuo. Na kikohozi kikavu au pumzi kukatika ukipanda ngazi, sema, kuna moja kati ya hizo nne inagusa mapafu.

#39 Mzee_Kifaru
Nesi, hoja ya uzazi nimeikubali. Basi amwambie. Lakini kwa mdomo, ana kwa ana, sio kwa simu.

#40 BintiPongwe
Mzee Kifaru kabadili msimamo, piga picha.

#41 Kijana_Makambako
Wakuu mrejesho. Samahani kwa kimya.

Jumamosi nilipanda treni ya SGR hadi Morogoro. Safari ile haifiki saa mbili, nilitamani iwe saba kama enzi za foleni ya Mbezi na Chalinze. Nilimkuta anasahihisha madaftari ya darasa la nne. Nikamwambia palepale kabla sijakaa, maana ningekaa nisingesema. Akauliza, "Inaambukiza?" Nikasema hapana. Akaendelea kusahihisha. Daftari moja, la pili, la tatu, anaweka vema na kosa kama mimi sipo. La nne akalifunga, akauliza, "Umekula?"

Tukala. Akaosha vyombo muda mrefu kuliko vyombo vyenyewe. Jioni akanisindikiza stesheni, akaniambia amekasirika, lakini sio juu ya ugonjwa. Amekasirika kwamba nilijua tangu Jumatano na Alhamisi tulizungumza saa nzima kuhusu rangi ya keki. Sikuwa na jibu.

Amewaambia wazazi wake. Baba yake anataka barua ya daktari kabla ya kusema lolote kuhusu Desemba. Mshenga kaja kwangu amenuna kwa kurukwa, Shangazi ulisema.

Dozi ya kwanza nilipiga, ya pili pia. Nywele zimeanza kubaki kwenye mto. Uvimbe wa juu umenywea, nautafuta kwa vidole siupati.

#42 Shangazi_Mkubwa
Mshenga mpelekee soda na maneno mazuri, atalegea. Baba kutaka barua si kukataa. Mama yako je?

#43 Kijana_Makambako
Kaka kateleza ulimi. Mama hajanipigia kuniuliza, ila Alhamisi basi la Makambako limenishushia gunia la viazi na dumu la asali. Nilipompigia kumshukuru akasema nile, "huo ugonjwa wa shingo unataka chakula". Neno lenyewe hajalitaja. Presha yake kaka anasema iko sawa kuliko yake yeye.

#44 Mjukuu_wa_Mganga
Asali ya Makambako ni dawa. Sijasema zaidi.

#45 Fundi_Rejeta
Na barakoa umenunua?

#46 Kijana_Makambako
Nimenunua. Hata Tabibu alisema.

Dada Nywele Fupi, Jumanne ni ya tatu. Ile ya pili nilitapika kabla hata hawajanichoma, ile harufu ya spiriti ya mlangoni tu. Nile nini asubuhi ili nikae vizuri?

#47 Dada_Nywele_Fupi
Ile ya mlangoni ni kawaida, mwili umeshakariri. Mwambie daktari, kuna kidonge cha kumeza kabla hujatoka nyumbani.

Kula kidogo, kitu kikavu. Ila sikiliza: usile kitu unachokipenda. Chochote utakachokula siku ile, mwili utakisingizia. Mimi nilipita kwa muuza chipsi pale nje kabla ya dozi ya pili, nikijipongeza. Miaka saba sasa, nikisikia yai likimwagwa kwenye kikaango navuka barabara.

#48 Mzee_Kifaru
Nilisema chipsi.